Taimingi haikatiki

"Shem, taimingi imekatika." Ndivyo alivyoanza shemeji yangu kwenye simu juzi, gari likiwa limemzimikia njiani. Nilimwelewa, na nadhani kila mtu angemwelewa, ila hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo kusikia neno hili likitumika kama jina la spea. Wa kwanza aliniambia ana "taimingi mbili, moja ya akiba". Wa pili alikuwa kijana wa gereji, ambaye nilitegemea ajue, naye akasema taimingi ya mteja wake "imelika".

Maana yenyewe ni fupi. Chini ya injini kuna krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Juu kuna kamshafti, mhimili unaofungua na kufunga valvu, vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Taimingi ni kupatana kwa hizo mbili: pistoni ikifika hapa, valvu iwe pale, kila mzunguko. Kwenye injini nyingi zinaunganishwa na mkanda wa mpira wenye meno, nyingine zina cheni, nyingine gia zinazoumana. Mkanda, cheni na gia ni vyombo vya kulinda taimingi. Vyombo huisha na kukatika. Taimingi hupotea, huwahi, huchelewa au huruka jino, na hakuna duka linaloiuza.

Najua neno limetoka kwa Waingereza na limekuja likiwa limeshikana na belti, ndiyo maana watu wakakata mkia wakabaki na kichwa. Lakini Kiswahili kilikuwa na wazo hili kabla ya gari. Wazee wenye saa za kutia ufunguo walisema "kutia saa majira", yaani kuirekebisha ifuate wakati sahihi. Majira limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni mkondo, njia ambayo kitu hupita kikitiririka. Mabaharia nao wana majira ya chombo, mwelekeo kinaoushika. Angalia jinsi maana hizo zinavyokaa pamoja: wakati, na kuushika mwendo usipotee. Fundi anayepanga alama za puli, yale magurudumu yenye meno yanayovishwa mkanda, kabla ya kuuvisha anaitia injini majira. Sidai tuache kusema taimingi, limeshazoeleka. Ila aliyewahi kutia saa majira asingesema majira yamekatika. Angesema saa imepoteza majira, kisha angetafuta kilichovunjika ndani.

Na mkanda wenyewe haukuanzia kwenye gari. Mikanda ya meno ilitengenezwa Marekani miaka ya 1940 kwa ajili ya cherehani. Sindano ikishuka na uzi wa juu, ndoano ya chini lazima iwe imefika kuudaka wakati huohuo. Mkanda laini ukiteleza kidogo tu, mshono unaruka. Meno yaliwekwa ili pasiwe na kuteleza kabisa. Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa namna hii kwenye kamshafti lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Kabla ya hapo zilikuwa cheni na gia, ambazo zina uzito na kelele na zinahitaji oili.

Hapo ndipo penye tofauti inayonikera kuliko zote. Feni belti iko nje, ukifungua boneti unaiona, mifereji yake inakwenda kwa urefu, na kazi yake ni kuzungusha alteneta inayochaji betri, na jamaa zake. Ikiteleza inapiga kelele na maisha yanaendelea, kwa sababu alteneta haijali imeanza kuzunguka kutokea wapi. Mkanda wa taimingi umejificha nyuma ya kava, meno yake yamekata kwa upana, na unajali sana. Kwa hiyo mtu akikwambia "taimingi inalia asubuhi nikiwasha", mara nyingi anakusimulia habari za feni belti.

Tuseme puli ya krenki ina meno 20. Ya kamshafti lazima iwe na 40, maradufu, kwa sababu kwenye injini ya mapigo manne krenki inazunguka mara mbili (kuvuta hewa, kukandamiza, kuwaka, kutoa moshi) na kamshafti mara moja. Sasa mkanda ukavishwa umekosea jino moja. Jino moja kati ya 40 ni nyuzi 9 za kamshafti, kati ya 360 za mzunguko mzima, na hizo ni nyuzi 18 za krenki. Valvu iliyotakiwa kufunga imechelewa nyuzi 18 huku pistoni inapanda. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde, na kosa hilo linajirudia mara zote 25. Gari linaweza kuwaka. Litatetemeka kwenye sailensa, yaani likinguruma limesimama bila kukanyagwa mafuta, litakosa nguvu mlimani, pengine taa ya injini itawaka. Mwenyewe atabadilisha plagi, kisha koili, kisha atasafisha nozeli, ilhali mkanda ni mpya kabisa na una afya tele.

Ndiyo maana neno likitumika vibaya linaleta hasara. Ukisema "nimeweka taimingi mpya", wewe na fundi wako mmekubaliana kwamba upya wa mpira umemaliza kazi. Kazi iko kwenye alama.

Silinda ya kwanza hupandishwa pistoni juu kabisa. Alama ya krenki inakutana na alama kwenye bloki, ya kamshafti inakutana na yake kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu. Kukiwa na kamshafti mbili, kila moja ina yake, na dizeli nyingi zina pampu ya nozeli yenye alama yake pia. Krenki peke yake isikudanganye: pistoni hufika juu mara mbili katika duru moja, mara ya kukandamiza na mara ya kutoa moshi, na alama ya chini inakubali mara zote mbili. Anayekwambia ni ipi ni kamshafti.

Halafu mkanda unavishwa kuanzia kwenye krenki, ukifuata upande usio na tenshena (kile kifaa cha kuukaza mkanda), na upande huo uwe umevutika kabisa. Hapa ndipo nilipojifunza kwa aibu. Nilikuwa nimechora alama zangu kwa rangi ya kucha nyeupe, zimelingana vizuri hata kupiga picha nikapiga. Nilichoacha ni ulegevu mdogo upande wa kuvuta, mkunjo ambao kidole kinaubonyeza. Nilipoachia tenshena, ikavuta kama inavyopaswa, ulegevu ule ukahama, na kamshafti ikahama nao. Nilizungusha krenki kwa spana mara mbili kamili, ikanionyesha rangi nyeupe ya juu imepita mwenzake kwa jino zima. Kama ningetumia stata, mota ya kuwashia gari, badala ya spana nisingeona kitu mpaka nisikie.

Hiyo mizunguko miwili kwa mkono ndiyo taimingi inapohakikiwa. Miwili, kwa sababu mmoja unaileta kamshafti nusu tu. Kwa mkono, kwa sababu valvu ikigusa pistoni utahisi spana inagoma na utasimama, stata haihisi.

Lipo jambo jingine dogo linalowatia watu wasiwasi bure. Mikanda mingine inakuja na mistari iliyochorwa, ya kulinganisha na puli wakati wa kuvisha. Ukizungusha mara mbili, alama za puli zitarudi mahali pake, ila mistari ya mkanda itakuwa imekimbilia kwingine, na mtu anaanza kufungua upya akidhani amekosea. Hajakosea. Mkanda wenye meno 121 kwenye krenki ya meno 20 unahitaji mizunguko 242 ya krenki kabla mistari na alama za puli havijakutana tena vyote. Mistari ni ya kuvishia. Puli ndizo za kuhakikia.

Nisisahau taimingi ya pili, maana ugomvi mwingi kati ya mafundi wa zamani na vijana unatoka hapo. Mzee akisema "nimetega taimingi" anaweza kuwa amezungusha distribyuta, kile kifaa cha kugawia plagi umeme, ili plagi itoe moto mapema au baadaye kidogo. Hiyo ni taimingi ya moto, na kwenye magari ya sasa kompyuta ndiyo inayoiamua. Ya mkanda ni taimingi ya valvu. Mzee hajakosea neno, na kijana anayemcheka hajui kwamba zipo mbili. Ile ya tatu, ya kulinganisha magurudumu, ni alaimenti, na haihusiki hata kidogo, ingawa nimeshasikia mtu akiulizwa "taimingi yako umefanya alaimenti?"

Kuhusu hofu kwamba mkanda ukikatika injini imekufa: inategemea. Kuna injini ambazo valvu iliyofunguka na pistoni iliyofika juu hugombea nafasi ileile. Hizo mkanda ukikatika valvu hupinda, wakati mwingine na pistoni hutoboka, na hedi lazima ishuke. Nyingine zimeachiwa nafasi. Zinazima tu, unavisha mkanda na safari inaendelea. Kitabu cha gari ndicho kinachotaja kilomita na miaka ya kubadilisha, na kinachotangulia kati ya hivyo viwili ndicho kinachofuatwa, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Watu wengi hubadilisha pampu ya maji na tenshena papo hapo pale mkanda unapozizungukia, ili wasifungue kava lilelile mara mbili.

Injini ya shemeji ilikuwa ya aina yenye nafasi. Jioni akapiga tena, sauti imechangamka. "Shem, fundi ameshaniwekea taimingi mpya, gari limewaka."

Nikamwambia amewekewa mkanda mpya, Mungu ambariki fundi. Taimingi ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, amerudishiwa tu. Kisha nikamuuliza kama fundi aliizungusha kwa mkono mara mbili kabla ya kuwasha.

"Ngoja nimuulize," akasema.