Pombe Haifuti Hofu

“Musawo (daktari), nikiacha pombe siku mbili tu, mambo ya vitani yananirudia. Pombe ndiyo dawa yangu.” Maneno haya nayasikia kwa askari wastaafu, kwa madereva wa malori wa Malaba walionusurika ajali, na sasa nimechoka kuyasikia. Wanachokiona ni kweli. Wanachokosea ni sababu.

Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na huibana glutamati inayouamsha. Ukinywa waragi, pombe kali ya Uganda, kila siku kwa miaka, ubongo hujipanga kinyume chake: utulivu wake mwenyewe hupungua, uamsho huzidi. Ni kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa kwa ndani. Ukiachiwa ghafla, anaanguka. Ndiyo hiyo mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na usingizi kupotea. Mwili ukiwa hivyo, kumbukumbu mbaya yoyote huja na ukali usio wake. Glasi ya asubuhi ya kuzimua inatuliza, sikatai, kwa kuwa inazima arosto, yaani mateso ya kuikosa pombe, iliyoletwa na pombe yenyewe!

Tena hofu ya zamani haiishi kwa kuisahau. Hupungua ubongo unapojifunza, tena na tena, kwamba tairi lililopasuka Jinja Road, Kampala, si risasi, na sehemu yake ya mbele ikaizuia amigdala, sehemu ya ubongo inayowasha hofu. Somo hilo ndilo pombe inaloliharibu: panya waliozoeshwa pombe kisha wakanyimwa huchelewa kujifunza kuacha kuogopa. Ninyi mnaoacha kila Kwaresima na kurudi Pasaka, nisikilizeni vizuri: arosto zikirudiwarudiwa, inayofuata huweza kuwa kali kuliko iliyopita.

Kwa hiyo wiki ya kwanza simuulizi mtu habari za vita. Alale kwanza, ale. Wala siandiki kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi kabla ya wiki kama nne bila pombe, isipokuwa ndugu zake waniambie alikuwa nao kabla hajaanza kunywa. Ndiyo maana nasisitiza aje na ndugu. Mnywaji akihesabu chupa zake mwenyewe, hesabu huwa pungufu.

Ndugu nao, na wanywaji wenyewe, wana misemo yao. “Mfungieni chumbani, atazoea.” Mnywaji mkubwa akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kufa.

“Anaona wadudu ukutani, amerogwa.” Huyo amechanganyikiwa kwa arosto, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne. Hospitali usiku huohuo, iwe Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, au ya rufaa ya mkoa. Na akitundikiwa dripu ya glukosi, ulizeni kama amepewa thiamini, yaani vitamini B1.

“Malwa, ile ya ulezi, ni chakula.” Ni pombe.

“Basi niandikie diazepamu za mwezi mzima.” Nazo, dawa za kutuliza, hupitia GABA ileile, na ukizichanganya na pombe unaweza kuacha kupumua. Utapata za siku chache, dozi ikishuka kila siku, na atakayezitunza ni mama watoto.