Safari tulivu ya chelezo mtoni ni nini?

Ni safari ya kuteremka mto juu ya chelezo, katika sehemu isiyo na maporomoko makali, huku mwongozaji akibeba kazi yote ya kuendesha. Chelezo chenyewe siku hizi mara nyingi ni cha mpira kilichojazwa upepo, ingawa vya magogo na mianzi bado vipo. Abiria hukaa, hutazama kingo za mto, husikiliza ndege. Katika safari za maji makali kila abiria hupewa kafi na hupiga kwa amri. Hapa mwongozaji hukaa katikati na makasia mawili marefu, au husimama na upondo, na abiria hawana la kufanya.

Ukali wa mito hupimwa kwa madaraja ya kimataifa, kuanzia 1 hadi 6. Daraja la 1 ni maji yanayotembea yenye viwimbi vidogo, na la 6 ni maji ambayo hata mabingwa huyaogopa. Safari tulivu huwa katika daraja la 1, pengine na vipande vya daraja la 2, ambapo mawimbi yapo lakini njia ni pana na inaonekana wazi. Tangazo likisema "tulivu" huku likitaja daraja la 3, usiliamini neno, iamini namba.

Mifano ni mingi. Mto Dunajec, mpakani mwa Poland na Slovakia, hushukwa kwa vyelezo vya mbao kupitia korongo la milima ya Pieniny, kilomita 18 hivi, na wenyeji wanaoviongoza huvaa vizibao vilivyotariziwa. Jamaika, katika mto Rio Grande, vyelezo vya mianzi vilivyokuwa vikibeba ndizi ndivyo vilivyogeuka kubeba wageni. Marekani, mto Colorado una sifa ya kutisha, lakini kipande kati ya bwawa la Glen Canyon na Lees Ferry ni shwari kabisa. Tangu bwawa lilipoanza kuzuia maji mwaka 1963, tope hubaki katika ziwa lililo nyuma yake, na mto hutoka chini yake ukiwa safi, wa kijani, katikati ya kuta za mawe mekundu. Napenda sana mfano huu, kwa sababu unaonyesha kwamba sifa hii ni ya kipande cha mto, si ya mto mzima.

Hata hivyo, utulivu wa abiria hutoka kwa mtu mmoja anayefanya kazi bila kupumzika, na kazi hiyo inastahili kuelezwa. Mwongozaji husoma maji. Kwenye kona, maji ya kasi na yenye kina hukimbilia ukingo wa nje, huula, na kuangusha miti. Ukingo wa ndani hubaki na maji mafupi na mchanga wa kukwamisha. Njia yake iko kati ya hayo mawili. Akiona mti umelala majini, hapigi makasia kwa nguvu kuupita. Hukigeuza chelezo mshazari, uso wake ukiielekea hatari, kisha huvuta makasia kurudi nyuma. Chelezo hupunguza mwendo, na mkondo wenyewe hukisogeza pembeni. Akifanya vizuri, abiria hudhani mto ndio uliowapeleka.

Mti huo ndio hatari kubwa ya mito ya namna hii, kuliko wimbi lolote. Maji hupenya katikati ya matawi, mtu hapenyi, na mkondo humbana hapo. Ndiyo maana jaketi la kuokolea maisha huvaliwa na kufungwa kila kamba hata uso wa mto ukiwa kama kioo. Ukianguka, lala chali, miguu mbele kuelekea unakokwenda, vidole vya miguu juu ya maji. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia yaliyopita magoti: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi. Baridi nayo isidharauliwe. Maji ya theluji iliyoyeyuka huishiwisha nguvu mikono ya mwogeleaji hodari kwa dakika chache.

Theluji hiyohiyo, au mvua, hubadilisha mto kwa majira. Kipande kilicho shwari mwishoni mwa kiangazi chaweza kuwa cha kasi na chenye magogo yanayoelea miezi miwili kabla. Kwa hiyo, kabla ya kulipia, uliza mto una maji kiasi gani wiki hiyo, mwongozaji amekipita lini kipande hicho mara ya mwisho, na kama yapo majaketi yanayowatosha watoto. Mwongozaji mzuri hujibu maswali hayo papo hapo, na maji yakizidi huahirisha safari bila kusubiri kuombwa.