"Bora F Kuliko Kuacha Somo," na Mengine Ninayoyasikia Kila Novemba

Novemba ikianza hapa Kentucky, simu yangu haipoi. Mimi ni mshauri wa masomo katika chuo cha serikali ya jimbo, na kwa kuwa ofisi nzima anayejua Kiswahili ni mimi peke yangu, kila familia ya Kiswahili ya Lexington na Louisville huelekezwa kwangu: Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Wakenya, Watanzania wenzangu. Muhula wa kwanza, huu tunaouita wa vuli (ingawa vuli ya huku ni majani kupukutika, si mvua za kwetu), huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika kwa mitihani katikati ya Desemba. Wiki sita za mwisho ndizo zinazowaangusha watoto. Wengi wao wanaangushwa na maneno ambayo watu wazima wanaowapenda wamewaambia.

"Bora apate F kuliko kuacha somo"

Hili nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kulitamka pamoja na mzazi kabla hajalimaliza.

Mwaka juzi alikuja kijana anayetaka uuguzi, wiki ya kwanza ya Novemba. Alikuwa na masomo matano, kila moja krediti 3. Katika manne alikuwa na B tatu na C moja. La tano lilikuwa kemia, na kwenye kemia alikuwa na 41 kwa mia. Mtihani wa mwisho ulibeba asilimia 25 ya alama zote. Tukachukua kalamu. Asilimia 75 ya 41 ni 30.75. Haya, mpe 100 kwenye mtihani wa mwisho, alama ambayo hakuwahi kuiona hata kwenye kwizi, achukue 25 zake zote. Jumla 55.75. Kufaulu kunaanzia 60. Somo lilikuwa limeshakufa, yalibaki mazishi.

Nikamwonyesha fomu ya kujitoa. Akasema lazima ampigie baba kwanza. Akampigia palepale, akaweka spika. Mzee alikuwa ametoka zamu ya usiku ghalani, sauti imechoka, lakini msimamo haukuchoka: "Mama, sisi hatukulea mtoto wa kukimbia. Mvumilivu hula mbivu." Nikamwambia, Baba, shikamoo yako naiheshimu, lakini mwembe huu hauna maembe. Hakucheka.

Kijana akavumilia. Alihamia kwenye kemia, akalala nayo, akaamka nayo. Desemba akapata F ileile tuliyoihesabu, na B mbili zikateremka kuwa C kwa sababu hakubakiwa na saa za kuzisomea. B, C, C, C, F. Ukiweka kwenye mizani ya 4.0 (A ni 4, B ni 3, C ni 2, F ni 0) unapata wastani wa 1.8, na chini ya 2.0 mwanafunzi anawekwa kwenye uangalizi. Angejitoa, kemia ingeandikwa W, alama ya kujitoa, ambayo haiingii kabisa kwenye hesabu ya GPA, yaani wastani huo, na B tatu na C moja zingempa 2.75. Haya ndiyo matunda ya uvumilivu ule. Bado nina hasira nayo, naomba mnisamehe.

Nimefikiri sana kuhusu chanzo cha dhana hii, na naamini ni sapu, yaani mtihani wa marudio. Mzazi aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au aliyewasikia ndugu zake waliosoma huko, anajua kwamba ukianguka kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, kuna sapu. Unarudi, unaufanya tena, maisha yanaendelea. Kwa hiyo kuacha somo kunaonekana ni kutupa karata kabla mchezo haujaisha. Vyuo vya Marekani kwa kawaida havina sapu. Ukipata F umepata F. Kinachobaki ni kulirudia somo zima, wiki zote kumi na tano, na kulilipia upya.

Kwa nini basi hatuwaambii wote wajitoe? Kwa sababu W nayo ina bei yake, na hapo ndipo ninapotaka watu waje kwangu badala ya kusikiliza marafiki wa bwenini. Ada ya somo hilo kwa wakati huo hairudi. Msaada wa masomo wa serikali kuu (bumu la huku, tuseme) unaangalia pia ni sehemu gani ya krediti ulizojiandikisha umezimaliza. Vyuo vingi vinataka asilimia 67, na W inahesabiwa kama somo ulilojaribu usilimalize. Moja haina neno. Nne ni tatizo. Ukijitoa kwenye masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya msaada ule inarudishwa serikalini, na deni linaweza kukuangukia wewe. Na mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, tafadhali, asiguse kitufe chochote kabla ya kwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Anatakiwa kuwa na krediti 12 kila muhula. Akishuka chini yake bila kibali kilichotolewa mapema, habari si ya alama tena, ni ya uhamiaji.

Kuna herufi nyingine, I, ya somo lisilokamilika. Hiyo si ya anayefeli. Ni ya mwanafunzi aliyekuwa akienda vizuri, amemaliza sehemu kubwa ya kazi, kisha akalazwa hospitali au akafiwa. Huombwa kwa profesa kabla muhula haujaisha, na hupewa muda maalumu wa kumalizia. Kila Desemba nina watoto wanaoniomba I kwa somo ambalo hawajaliingia darasani tangu Septemba. Jibu ni hapana, na hata nikitaka, anayeitoa ni profesa.

Tarehe ya mwisho ya kujitoa imeandikwa kwenye kalenda ya chuo tangu siku ya kwanza. Vyuo vingi huiweka kati ya wiki ya 9 na ya 12. Ikipita, imepita. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao watoto wangu mwenyewe wameuchoka: wiki ya tatu ya Oktoba, muulize mwanao mambo matatu kwa kila somo. Una ngapi sasa? Mtihani wa mwisho una uzito gani? Mwisho wa kujitoa ni tarehe ngapi? Akishindwa kujibu la kwanza, umeshapata jibu.

"Kungekuwa na shida, chuo kingetuita"

Hakitawaita. Shule ya sekondari iliwaita kwa kila utoro, chuo hakina wajibu huo. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974, ya faragha ya rekodi za wanafunzi, inasema mwanafunzi akishaingia chuo, rekodi zake ni zake, hata kama ana miaka 17 na ada unalipa wewe. Ninapokataa kumsomea mama alama za bintiye sifanyi maringo. Binti anaweza kusaini fomu ya kuruhusu, na mimi nawahimiza wengi wasaini mwezi Agosti wakati bado wanapendana na wazazi wao. Chuo kinaweza pia kuwasiliana na familia pakiwa na dharura ya afya au usalama. Lakini C tatu na F si dharura kwa mujibu wa sheria.

"Wiki ya mitihani ni ya kukesha"

Wanaosema hivi ni watoto wenyewe, si wazazi, ingawa wazazi huwasifu: "Mwanangu halali, anasoma." Mama, mwanao anatazama karatasi.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha kwenye jarida la Nature kipimo ambacho nimekibandika mlangoni. Mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za akili na mikono kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Akifika saa 24, ni kama 0.10. Kiwango cha kukamatwa barabarani hapa Kentucky ni 0.08. Wewe unayemaliza mtihani wa mwisho baada ya usiku wa kahawa, kisha unashika I-64 kwenda Louisville na wadogo zako wamekaa nyuma, hesabu mwenyewe.

Kosa la pili la wakeshaji ni kurudiarudia kusoma madaftari hadi yanazoeleka. Kuzoea si kujua. Roediger na Karpicke walilijaribu hili mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo: waliosoma makala na kuirudia walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioongoza ni wale waliosoma na kisha kujipima wakumbuke bila kuangalia. Mtihani wa Desemba hauko dakika tano mbele. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka kuhusu sura ile, ndipo ufungue uone ulichosahau. Kisha ulale. Karatasi tupu ndiyo dawa ninayompa kila anayeingia, mpaka wameanza kuniita Mama Karatasi.

"Wiki ya Shukrani atakuja nyumbani asome"

Hasomi. Sikukuu ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba, wiki moja au mbili tu kabla ya mitihani, na nyumbani kwetu mtoto wa chuo ni dereva, mkalimani wa barua za bima na mlezi wa wadogo. Sisemi asije. Aje, ale, apike ugali na mama yake. Ila mtengeeni saa tatu za asubuhi, simu mnyang'anyeni, na shangazi asimtume dukani.

"Huyo ana uvivu tu"

Huenda. Lakini kwanza angalia dirishani. Mtoto aliyekulia Kigoma amezoea jua linalozama karibu saa ileile mwaka mzima. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za huku zinarudishwa nyuma, na kufika Desemba jua la Lexington limeshazama kabla ya saa 11:30 jioni. Ukiwa na maabara ya mchana unatoka gizani. Huzuni ya majira ya giza ni ugonjwa unaojulikana. Norman Rosenthal na wenzake waliueleza mwaka 1984, na moja ya tiba zake ni mwanga mkali asubuhi. Anayelala sana, anayekula wanga kuliko kawaida, aliyejitenga na rafiki zake tangu Novemba, apelekwe kliniki ya chuo kabla hajaitwa mvivu. Ni kawaida vyuo kuwa na washauri nasaha ambao hawadai malipo ya ziada. Maombi na daktari havigombani.

"Usimuulize kuhusu kujiua, utamtia wazo"

Hapana. Utafiti haujaonyesha kwamba kumuuliza mtu kunampandikizia wazo hilo; mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu kwamba kuna aliyeona. Muulize kwa maneno ya wazi, kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza umsikilize. Usimkemee wala usimpe mahubiri. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, piga au tuma ujumbe 988, namba ya dharura ya Marekani nzima tangu Julai 2022. Na ile habari kwamba watu wengi hujiua wakati wa Krismasi, si kweli: takwimu za huku kwa miaka mingi zimeiweka Desemba miongoni mwa miezi yenye vifo vichache vya namna hiyo. Kwa hiyo usimwangalie mtoto Desemba tu ukajisahau Aprili.

"Likizo atabaki bwenini, kuna chakula"

Mabweni mengi hufungwa siku moja baada ya mitihani kuisha na kufunguliwa Januari. Anayetaka kubaki huomba mapema, mara nyingi kwa malipo, na hata akiruhusiwa, ukumbi wa chakula umefungwa. Wanaojikuta nje na begi ni wale ambao nyumbani kwao ni Dar es Salaam au Goma na nauli haipo. Mwenye F-1 anayesafiri aangalie pia kwamba I-20 yake, ile hati anayopewa na chuo, ina sahihi ya kusafiria iliyotolewa ndani ya mwaka mmoja. Kila Desemba kuna anayeligundua hilo akiwa uwanja wa ndege.

Wazazi wa Lexington na Louisville, muulizeni mwanenu leo ni nani kwenye ghorofa yake hana pa kwenda. Mwaka jana familia moja ya Kibembe ilichukua watatu kwa mpigo. Mama yao alinipigia Januari akilalamika kwamba mmoja alikula kila kitu isipokuwa sombe (kisamvu), akataka kujua kama huyo ni mgonjwa. Nikamwambia huyo ni Mchaga, mpikie ndizi.