"Fundi, mbao haizami"

Juzi mteja kaniletea boti nimzibie viungo, na kabla sijashika pamba ya kuzibia akaniambia nisimchoshe na habari za mzigo: "Fundi, mbao haizami." Maneno haya nayasikia hapa Kibirizi, Kigoma, karibu kila boti inapovutwa mchangani, na anayeyasema mara nyingi amezoea kupakia magunia ya ziada.

Mbao nyingi huelea, hilo sibishi. Mninga mkavu una kilo 640 hivi kwa mita moja ya ujazo, na maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. (Mpingo hupita hapo, utupe ziwani uone unavyokwenda chini.) Lakini boti haibebi abiria na dagaa kwa nguvu ya mbao. Inabeba kwa sababu tumbo lake limesukuma maji kando, na ndani pana hewa. Boti hushuka mpaka uzito wa maji yaliyohama ulingane na uzito wake pamoja na kila kilichomo. Ukiongeza kilo 100, lazima lita 100 nyingine zihame, na hazihami mpaka boti ishuke.

Tupige hesabu. Boti yenye urefu wa mita 8 pale inapokata maji, na upana wa wastani wa mita 1.2, ina eneo la mita za mraba 9.6. Ikishuka sentimita moja imehamisha lita 96. Kwa hiyo gunia moja la kilo 100 linakula sentimita moja ya ubavu! Magunia kumi yanakula kumi na ushee. Kama asubuhi ubavu ulikuwa sentimita 30 juu ya maji, sasa haufiki 20, na upepo bado haujaamka.

Wimbi likiingia, maji hayatulii katikati. Yanakimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi, ndiyo maana boti nyingi hupinduka kabla hazijajaa. Na ikijaa, hapo ndipo mbao hubaki peke yake. Chukua kilo 600 za mninga mkavu: zikizama zote zinahamisha kilo 937 za maji, kwa hiyo akiba ni kilo 337. Toa injini na misumari, kilichobaki hakiwatoshi watu watano kukaa juu yake. Mbao zilizolowa miaka mingi zina akiba ndogo zaidi. Utaziona zinaelea, lakini abiria ishirini hazitawabeba.

Mimi huchora mstari mwekundu ubavuni, nao nauchora boti ikiwa majini na imepakiwa, si ikiwa mchangani. Maji yakiufikia, gunia linalofuata lisubiri safari nyingine. Mteja wa juzi alitaka niufunike kwa rangi. Nilikataa, na boti nyingine yoyote nitaikatalia hivyohivyo.

Wapo wanaosema chuma hakiwezi kuelea, na Liemba wameipanda! Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma. Ilielea mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma ni kilekile. Ilipojaa maji ilikwenda chini, yalipotolewa ikaelea.

Kina nacho hakihusiki. Ziwa letu, Tanganyika, lina zaidi ya mita 1,400 pale penye kina kirefu, lakini boti inabebwa na maji yanayoigusa. Pale Katonga penye maji ya kiunoni au katikati ya ziwa, mzigo uleule unaishusha kiasi kilekile.

Na dumu la mawese la lita 20, hata likijaa pomoni, huelea, maana mafuta ni mepesi kuliko maji ya ujazo huohuo. Dumu tupu linainua kilo 19 hivi, ilhali mtu aliyezama mpaka shingoni anahitaji kilo chache tu za kumshikilia. Jaketi la kuokolea ndilo la kwanza, kila abiria na lake. Lakini nawaambia pia wafunge madumu tupu chini ya viti, mifuniko imekazwa, kwa kamba ambayo mkono mmoja unaweza kuifungua gizani.