Godoro la kulalia hemani: dhana potofu na ukweli wake

Vijana wa skauti, wanafunzi wa jiolojia na waumini wanaokwenda kwenye mafungo ya maombi milimani hapa Goma hushughulikia kwanza hema na blanketi. Godoro huja mwisho, na mara nyingi huchaguliwa kwa kulibonyeza tu kwa kidole pale dukani. Kidole hupima ulaini. Hakiwezi kupima jinsi ardhi itakavyounyonya joto mwili wa mlalaji usiku kucha.

Dhana: Karibu na ikweta hakuna baridi ya kuhofia.

Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Nyiragongo kinafika mita 3,470 na kile cha Kahuzi, upande wa Bukavu, mita 3,308. Kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, anayelala juu ya Nyiragongo hukutana na hewa yenye nyuzi kama 12 pungufu ya ile aliyoiacha mjini.

Dhana: Godoro nene ndilo lenye joto.

Hili ndilo kosa linalowatesa watu wengi zaidi. Godoro la kujaza upepo lenye unene wa sentimita 8, lakini tupu ndani, laweza kumwacha mtu akitetemeka, kwa sababu hewa iliyomo huzunguka kwa uhuru, ikichukua joto la mwili na kulishusha ardhini. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia, yaani iliyonaswa katika vitundu vya sponji, katika nyuzi, au katika tabaka zilizoshonwa ndani ya godoro. Uwezo huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho R. Zamani kila mtengenezaji alipima kwa njia yake, hadi mwaka 2018 ulipotolewa utaratibu wa pamoja, ASTM F3340, unaowezesha kulinganisha godoro la kampuni moja na la nyingine. Godoro lisilo na kitu ndani huwa karibu na R 1 au chini yake, na hilo latosha ufukweni mwa Ziwa Kivu usiku wa kawaida. Kwa milimani ningetafuta R 3 au zaidi. Vipimo hivi hujumlishwa, kwa hiyo mkeka wa povu wenye R 2 ukiwekwa chini ya godoro lenye R 2 hukupa R 4.

Dhana: Blanketi ya pili itafidia.

Haifidii upande wa chini. Blanketi na mfuko wa kulalia hutunza joto kwa hewa iliyomo kati ya nyuzi zake, na uzito wa mwili huikamua hewa hiyo yote mahali mgongo na nyonga zinapolalia. Mwenye blanketi mbili na godoro dhaifu atandike moja chini.

Dhana: Lijazwe upepo mpaka liwe gumu.

Godoro gumu humrusha mlalaji na kumuumiza mabega. Lijaze, ulalie ubavu, kisha fungua vali kidogo kidogo hadi nyonga ikaribie ardhi bila kuigusa. Usiku hewa iliyomo ikipoa, shinikizo hushuka na godoro hulegea kidogo hata kama halikutoboka, kwa hiyo lipime tena kabla ya kulala. Anayelala kwa ubavu ahitaji unene zaidi kuliko anayelala chali, maana uzito wake hukusanyika begani na nyongani.

Dhana: Mkeka wa povu ni wa asiye na uwezo.

Kwenye mawe yetu ya volkeno, yenye ncha zinazokata hata soli ya kiatu, mkeka wa povu lenye vitundu vilivyofungika unastahili heshima: hautoboki ukaisha upepo, na haunyonyi maji. Usiuchanganye na kipande cha sponji kilichokatwa kwenye godoro la nyumbani, kwani hicho hunywa maji ya mvua na umande, kisha huchukua muda mrefu kukauka. Ukitumia godoro la upepo, okota kwanza vijiwe vyote kwa mkono na utandaze turubai chini ya hema.

Magodoro yenye sponji ndani, yale yanayojijaza yenyewe, yahifadhiwe nyumbani yakiwa yamekunjuliwa na vali ikiwa wazi, kwa sababu sponji iliyokaa imebanwa kwa miezi hupoteza nguvu ya kuinuka.