Pasipoti imekwisha na uko ng'ambo: njia halali ya kurudi Tanzania kwa nchi kavu

Mtanzania aliyeko Nairobi, Lusaka au Johannesburg, pasipoti ikiwa imekwisha muda au imepotea, mara nyingi huogopa kwamba atazuiwa kuingia kwao. Hofu hiyo haina msingi. Ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, katika ibara ya 12, nao unatambua haki ya mtu kurudi nchini kwake. Wanaokwama hukwama kwa mambo mengine mawili: kuthibitisha kwamba ni raia, na kutoka katika nchi waliyomo. Hili la pili ndilo husahaulika, na ndilo lenye gharama.

Chukua mpaka wa Namanga. Tangu Desemba 2018, Kenya na Tanzania zinahudumia wasafiri pale kupitia kituo cha pamoja. Anayetoka Kenya halipiti dirisha la kutokea upande wa Kenya. Anakwenda moja kwa moja hadi jengo la upande wa Tanzania. Ndani ya jengo hilo anakutana kwanza na afisa wa Kenya anayegonga muhuri wa kutoka, kisha wa Tanzania anayegonga wa kuingia. Holili, Mutukula, Rusumo na Tunduma kuna vituo vya mtindo huohuo. Maana yake ni kwamba wazo la "nikishavuka geti niko nyumbani" halifanyi kazi. Unaweza kuwa umesimama kwenye ardhi ya Tanzania, lakini mbele yako yupo afisa wa Kenya ambaye Sheria ya Vituo vya Pamoja Mpakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inamruhusu kutekeleza sheria za nchi yake mahali hapo. Kama ulizidisha muda wa kukaa, ni yeye utakayemjibu.

Watu wengi huuliza: kwani kitambulisho cha taifa cha NIDA hakitoshi? Wanaona Mkenya aliyeko Kampala anarudi kwao kupitia Busia kwa kitambulisho chake cha taifa tu. Hiyo ni kweli, kwa sababu Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kama hati za safari kati yao kuanzia Januari 2014. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki inaziachia nchi wanachama zikubaliane zenyewe juu ya jambo hilo, na Tanzania haikuingia katika makubaliano hayo. Kwa hiyo kadi ya NIDA ni ushahidi mzuri wa uraia wako na utaihitaji sana, lakini si hati ya safari. Afisa wa nchi nyingine halazimiki kukuruhusu utoke kwa kadi hiyo.

Hati unayoitafuta inaitwa Hati ya Dharura ya Safari, na kwa aliye nje ya nchi hutolewa na ubalozi. Kwa walioko Kenya kuna Ubalozi wa Tanzania Nairobi na Konseli Kuu Mombasa. Walioko kusini wana balozi Lusaka, Harare, Lilongwe, Maputo na Pretoria. Usichanganye hati hii na pasipoti mpya. Pasipoti ya kielektroniki huhitaji alama za vidole, uhakiki wa nyaraka na muda wa kuitengeneza na kuisafirisha, hivyo ikiombwa nje huchukua muda mrefu zaidi. Hati ya dharura hupatikana mapema kwa sababu kazi yake ni moja: kukufikisha nyumbani. Ukishafika, utaomba pasipoti ukiwa kwenu, ambako ada yake ni shilingi 150,000 na kitabu hudumu miaka 10.

Kabla ya kwenda ubalozini, kusanya vitu hivi: pasipoti iliyokwisha au nakala yake, kadi au namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, na kama pasipoti imepotea, taarifa ya polisi ya upotevu. Kenya taarifa hiyo huitwa abstrakti. Hakikisha imeandikwa namba ya pasipoti, tarehe na mahali ilipopotelea. Yenye maneno "amepoteza nyaraka zake" tu itakurudisha kituoni. Piga simu ubalozini kwanza uulize siku za huduma na namna ya kulipa ada, maana kufunga safari kutoka Kisumu hadi Nairobi na kukuta dirisha limefungwa ni hasara ya nauli mbili.

Pasipoti iliyokwisha muda usiitupe. Haikuruhusu kusafiri, lakini bado inaonesha jina, picha, uraia na, la muhimu zaidi, muhuri wa siku ulipoingia nchi uliyomo. Aliye na pasipoti iliyokwisha humaliza mahojiano upesi kuliko aliyepoteza. Na ile kanuni ya pasipoti kuwa na uhai wa miezi 6 mbele huwahusu wageni wanaoingia nchi za watu. Raia anayerudi kwao haulizwi hiyo.

Asiye na karatasi hata moja atahojiwa. Maofisa huuliza kijiji, kata na wilaya, shule ya msingi aliyosoma na mwaka aliomaliza, majina ya wazazi na walikozaliwa, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na jamaa wa kupigiwa simu. Wanaotoka mikoa ya mipakani, kama Kigoma na Kagera, huulizwa zaidi, na wengi huchukia. Kukasirika hakusaidii. Kinachosaidia ni ndugu aliye nyumbani kwenda kwa mtendaji wa kata kuchukua barua ya utambulisho, kuipiga picha pamoja na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na kuvituma kwa simu siku hiyohiyo. Jina nalo huleta shida: Mohamed kwenye cheti, Mohammed kwenye NIDA, na jina la babu limerukwa kwenye pasipoti. Tofauti ndogo hueleweka kwa hati ya kiapo. Aliyebadili jina kabisa awe na hati ya kubadili jina.

Wapo wanaoripoti kwamba pasipoti imepotea wakati iko kwa mwajiri, au wameiweka rehani kwa mkopeshaji. Usifanye hivyo. Taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, nawe uko ugenini. Ueleze ubalozi ukweli wote. Pasipoti ni mali ya serikali na mwajiri hana haki ya kuishikilia. Mara nyingine simu moja kutoka ubalozini huirudisha. Kama kulikuwa na kunyimwa mshahara au kufungiwa ndani, useme wazi, kwa kuwa hizo ni dalili za usafirishaji haramu wa binadamu. Mtu wa namna hiyo anaweza pia kusaidiwa kurudi na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, ambalo huduma zake hazilipiwi.

Sasa suala la muda wa kukaa. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anayeingia Kenya kihalali hupewa hadi miezi 6. Ukizidisha bila kibali, sheria ya uraia na uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inatoa adhabu ya faini isiyozidi shilingi za Kenya 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hati ya dharura haifuti kosa hilo. Inasema tu wewe ni nani. Aliyezidisha muda afike ofisi za Uhamiaji, kwa Nairobi ni Nyayo House, kabla ya kupanda gari, akiwa na hati ya dharura mkononi na barua ya ubalozi ikiwezekana. Kwenda mwenyewe ofisini kunampa afisa nafasi ya kukusikiliza. Kukamatwa mpakani saa 2 usiku hakumpi.

Afrika Kusini wana utaratibu mkali na ulio wazi: aliyezidisha siku zisizofika 30 hupigwa marufuku kurudi kwa miezi 12, na aliyepitisha siku 30 hupigwa marufuku kwa miaka 5. Anayekusudia kurudi kule kutafuta maisha aipime hesabu hiyo mapema. Kisha kuna nchi za kupita. Basi la Johannesburg hupita Beitbridge kuingia Zimbabwe, Chirundu kuingia Zambia, halafu Nakonde na Tunduma. Kila mpaka una madirisha mawili, na kila dirisha lina haki ya kuuliza. Ukiomba hati, utaje njia yote utakayopita, na uangalie tarehe yake ya mwisho: gari likiharibika njiani siku tatu, hati ya siku chache inaweza kukufia katikati ya Zambia.

Aliyepoteza pasipoti amepoteza pia muhuri wa kuingia, na hati yake mpya ni nyeupe. Afisa wa kutoka atataka kujua uliingia lini na wapi. Akipewa namba ya pasipoti ya zamani na tarehe, hutafuta kwenye mfumo. Bila hivyo, unaonekana uliingia kwa njia za panya. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano nayo hupotea pamoja na pasipoti, kwa sababu wengi huibana humohumo, na maofisa wa afya mpakani huiuliza. Chanjo ya zamani inatosha, kwa kuwa tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote; rudi kituo kilichokuchanja uombe kadi nyingine.

Mtoto aliyezaliwa ugenini anahitaji hati yake mwenyewe. Haandikwi nyuma ya hati ya mama. Apelekwe ubalozini na cheti cha kuzaliwa cha nchi aliyozaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Anayesafiri na mzazi mmoja abebe barua ya ridhaa ya mwingine.

Siku ya safari, vuka mchana. Mpakani abiria wote hushuka, na basi halimsubiri mwenye shauri refu. Shuka na begi lako, au panda gari linaloishia mpakani kisha utafute jingine upande wa pili. Namanga hadi Arusha magari madogo hayakosekani. Vishoka watakufuata kabla hujafika dirishani, wakidai wanamjua afisa au wana hati tayari. Hati yao haipo kwenye kumbukumbu za ubalozi, na namba ikihakikiwa unageuka kutoka msafiri kuwa mtuhumiwa wa kughushi. Njia ya panya nayo, hata ukifika salama, inaacha jina lako likiwa ndani ya Kenya kwenye mfumo. Ukirudi baada ya miaka miwili na pasipoti mpya, utaulizwa mbona hukuwahi kutoka.

Ukigongewa muhuri wa kuingia, piga picha ukurasa huo kabla ya kuondoka, kwani hati ya dharura huweza kuchukuliwa palepale na utahitaji ushahidi wa ulivyorudi. Na ile pasipoti uliyoripoti kupotea ikija kuonekana chini ya godoro, ipeleke Uhamiaji. Ikisharipotiwa hufutwa, na namba yake huweza kuingizwa katika hifadhidata ya Interpol ya hati zilizopotea na kuibwa. Ukiionesha mpakani utazuiliwa, ingawa jina na picha ni vyako.