302 ya FBI ni kitu gani, na kwa nini maneno yaliyomo sio yako

Ukifuatilia kesi za Marekani, hasa hizi kubwa kubwa zinazohusu FBI, kuna namba lazima utakutana nayo: 302. Utasikia "kwa mujibu wa 302 yake", au wakili kalalamika hajapewa 302 za mashahidi. Wengi wanadhani ni kifungu cha sheria. Wala, ni jina la fomu tu, FD-302, ambayo ajenti wa FBI anaiandika akishamaliza kumhoji mtu.

Sasa mtu wa huku kwetu akisikia hivyo picha inayomjia ni ya maelezo ya polisi, yaani umekaa pale kituoni afande anaandika, ukimaliza unasomewa, unasaini au unaweka dole gumba, na kuanzia hapo hayo ni maelezo yako, ukija kuyaruka mahakamani shauri yako. 302 haiko hivyo. Kwa kawaida aliyehojiwa hasaini, hasomewi, na anaweza kukaa miaka bila kujua kilichoandikwa humo. Ni ripoti ya ajenti kuhusu kile ajenti alichosikia, na kwangu mimi ukishaelewa hilo umeshaelewa nusu ya ugomvi wote.

Inavyokwenda ni hivi. Wanakuja wawili, mmoja anauliza mwingine anaandika notsi kwa mkono, hamna rekoda mezani. (Wawili sio kwa ajili ya usalama tu, likitokea la kutokea ni mashahidi wawili dhidi ya wewe mmoja.) Wakirudi ofisini wanakaa na zile notsi na kumbukumbu zao wanaandika ripoti, desturi yao ni ndani ya siku 5, mwenzake anaipitia, bosi anapitisha. Notsi zenyewe zinaingia kwenye bahasha na kutunzwa.

Kitu kinachonisumbua mimi kuliko vyote ni kwamba ile ripoti inaandikwa kama hadithi, "alisema hivi, alieleza vile", kwa hiyo maswali mengi yanapotea. Na jibu bila swali lake ni kitu kingine kabisa. Chukua mfano wa kubuni: ajenti anauliza, "mwezi wa tatu ulikutana na yule jamaa hotelini, si ndio?" Wewe unajibu, "mwezi wa tatu? mmh, sidhani, labda, mi nakutana na watu wengi bana." Kwenye ripoti inaweza kutoka hivi: alisema hakukutana naye mwezi wa tatu. Ile "mmh" imekufa, "labda" imekufa, swali la mtego nalo halipo, imebaki sentensi imenyooka kama rula. Na ajenti anaweza kuwa hajadanganya hata kidogo, kafupisha tu, kama wewe unavyofupisha kikao cha familia ukimsimulia aliyekosekana.

Ingekuwa ni kumbukumbu za ofisi tu isingekuwa ishu. Ila Marekani kuna kifungu cha 1001 cha sheria ya jinai ya serikali kuu, kumdanganya afisa wa serikali hiyo kwa makusudi kwenye jambo la msingi ni kosa, kifungo mpaka miaka 5, na haihitaji uwe umekula kiapo. Kwa hiyo kosa lenyewe ni maneno, na mara nyingi rekodi pekee ya maneno hayo ni notsi na ripoti ya walewale wanaokutuhumu. Martha Stewart, yule mama tajiri wa mambo ya mapishi na nyumba, mwaka 2004 alitiwa hatiani, pamoja na mengine, kwa kuwadanganya wapelelezi kuhusu hisa alizouza, akala miezi 5 jela. Mahojiano yale hayakurekodiwa.

Kesi ya Michael Flynn, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Trump na akashtakiwa kwa kosa hilohilo la kudanganya, ndo iliyoifanya 302 ijulikane mpaka kwa wasiojua sheria. Alihojiwa Ikulu ya Marekani tarehe 24 Januari 2017 na maajenti wawili, 302 ya mwisho ikawa ya tarehe 15 Februari, wiki tatu baadaye, zile siku 5 zimeshapita kitambo. Halafu zikatoka meseji za Peter Strzok, mmoja wa wale wawili, akijadili kuihariri hiyo ripoti na Lisa Page, mwanasheria wa FBI ambaye kwenye mahojiano hakuwepo kabisa. Watu wakawaka. Lakini tuwe wakweli, jaji Emmet Sullivan alizilinganisha notsi, rasimu na ripoti ya mwisho, na Desemba 2019 akasema zinaendana. Kwa hiyo wanaosema 302 ile ilipikwa, jaji hakuliona hilo, ila wanaosema utaratibu wenyewe unaacha mlango wazi, mi naona wana pointi.

Mahakamani nako kuna kituko. Kwa kawaida 302 haiingii kama kielelezo cha kuthibitisha mlichozungumza, anayesimama kizimbani ni ajenti, anaruhusiwa kujikumbusha kwa kuisoma. Ila wakili wa utetezi akitaka kumbana shahidi wa serikali, "mbona 302 inasema ulisema gari lilikuwa jekundu?", anapingwa hapohapo: hayo sio maneno ya shahidi, ni ya ajenti. Hiyo inatokana na kesi ya Jencks ya mwaka 1957 na sheria iliyotungwa mwaka huohuo, kwamba maelezo ni ya shahidi pale tu alipoyasaini au kuyakubali, au yameandikwa karibu neno kwa neno palepale anapoongea. Yaani karatasi ileile ina uzito wa kukufikisha mahakamani, ila haina uzito wa kuitwa kauli ya mtu.

Weka na mkalimani hapo katikati. Baada ya mabomu ya Nairobi na Dar, Agosti 1998, FBI walimhoji al-'Owhali, mmoja wa watuhumiwa wa bomu la Nairobi, hukohuko Nairobi kwa Kiarabu kupitia mkalimani, na mwaka 2001 jurii ya New York (wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia) ikasikia maneno yake kwa Kiingereza kutoka kinywani mwa ajenti. Hesabu mwenyewe yamepita mikono mingapi.

Mbona hawarekodi tu, simu ya kila mtu ina rekoda? Miaka mingi sera ilikuwa kutorekodi, na waraka wa ndani wa FBI wa 2006 ulitoa sababu bila aibu, kwamba mbinu za kuhoji zinazokubalika kisheria zinaweza zisiwapendeze jurii wakizisikia. Mwaka 2014 Wizara ya Sheria ikageuza, sasa mtuhumiwa aliyekamatwa na kuwekwa kizuizini anatakiwa arekodiwe, isipokuwa kuna sababu. Ila ni huyo aliye kizuizini. Shahidi anayegongewa mlango jioni, anayewakaribisha sebuleni na kuwapa chai, sera hiyo haimgusi, kwake bado ni kalamu na daftari.